Bibi harusi ameshindwa kuchagua picha 60 za albamu

Ndugu mpiga picha, umeuliza ufanyeje na bibi harusi huyu: kumrushia picha zote 900 kwa WhatsApp ndiko kulikomchosha. Tena WhatsApp huzibana picha, hawezi kuona vizuri ipi imetoka na ukungu. Chuja kwanza mwenyewe: ondoa waliofumba macho, na kwa zinazofanana bakiza moja. Zikibaki kama 200, punguza ukubwa wa kila moja hadi pikseli 2048 (nukta zinazounda picha) upande mrefu, weka alama ya studio, zipakie Google Drive. Namba za faili usiziguse kabisa! Ukizibadili, utahangaika kutafuta picha ghafi (faili za awali za kamera) za kuhariri. Akuandikie namba 60, akianza na picha za wazazi wa pande zote mbili. Hizo zikisahaulika, lawama huja albamu ikishachapwa. Mpe siku 10, na mchaguaji awe mmoja.