Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Gemu Kwenye Hewa ya Chumvi

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Amu (Lamu) na Malindi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu na kufanyia kazi kadhaa kwa pamoja. Tumechagua sita.

Assalaam alaykum. Niko Langoni, Amu. Nataka kompyuta ya kuchezea gemu za mpira na GTA V, na pia nahariri video za harusi na maulidi huku kivinjari kina kurasa thelathini wazi. Muuzaji wa Mombasa ananiambia nichukue Core i7, mengine yatajipa. Ni kweli?

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Si kweli, na usitoe pesa kwa neno hilo. "i7" peke yake haielezi kitu mpaka ujue kizazi. Core i7-4770 ya mwaka 2013 ina viini 4, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. Core i5-12400F ya mwaka 2022 ina viini 6 na inaiacha mbali, tena kwa umeme mdogo zaidi. Tazama tarakimu zinazofuata mstari mdogo (-): 4770 ni kizazi cha 4, 12400 ni cha 12.

Kwa kazi zako, prosesa ya i5-12400F au Ryzen 5 5600 yatosha. Zote ni za wati 65, na hilo kwa Amu si jambo dogo, maana chumba chenyewe mwezi wa Machi kina nyuzi 31 au 32 kabla hujawasha chochote. Lakini ujue kuwa hizi mbili hazina grafiki ndani yake, yaani sehemu ya kutoa picha ya skrini. Kwenye Intel, herufi F ndiyo inayokwambia hivyo. Ubao mama, ule ubao mkuu unaobeba vyote, utakuwa na tundu la HDMI kama kawaida, ila ukichomeka skrini hapo hutaona kitu. Waya wa skrini unaingia kwenye kadi ya grafiki.

Pesa yako kubwa iende kwenye kadi ya grafiki. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080, RX 6600 ya GB 8 inacheza gemu zako zote vizuri na inakula wati 132. Lakini kwa kuwa unahariri video, sisi tungekuchagulia RTX 3060 ya GB 12, wati 170: kumbukumbu yake ni kubwa, na programu nyingi za kuhariri zinatumia vizuri sehemu yake maalumu ya kutengenezea faili la video iliyokwisha. Sisitiza GB 12. Ipo 3060 ya GB 8 ambayo njia yake ya kumbukumbu ni nyembamba zaidi, nayo inauzwa kwa jina lile lile.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya prosesa, nunua GB 32, vipande viwili vya 16, si kimoja cha 32. Prosesa inasoma vipande viwili kwa pamoja, kwa hiyo kimoja peke yake kinakunyima nusu ya njia. Ubao ukiwa na matundu manne, tia la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao inayofunguka kabla ya Windows, uwashe XMP, ile inayoipa RAM mwendo wake kamili, kwa sababu vipande vingi vya mwendo wa 3200 huanza kazi kwa 2133 au 2400 mpaka uviamuru. Watu wengi wamelipia mwendo ambao hawajawahi kuutumia.

Diski iwe SSD, isiyozunguka, ya aina ya kasi iitwayo NVMe, ya TB 1. GTA V na gemu moja ya mpira ya kisasa zinaweza kumeza GB 200 zikiwa pamoja. Video ya 4K ya simu hula kati ya MB 170 na 400 kwa dakika, kwa hiyo harusi ya saa mbili ni GB 20 hadi 48 kabla hujakata chochote. Video zilizokwisha zihamishie kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka ya TB 2. Usiharirie humo, itakuchosha. Na usiijaze SSD mpaka juu: bakisha kama asilimia 15, la sivyo mwendo wake unashuka.

Kifaa cha umeme ndani ya kasha, yaani pawa saplai, ndicho wauzaji hukata gharama. Usiridhike na "500W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Geuza, soma kibandiko, tafuta safu ya +12V, uzidishe ampea kwa 12. Ampea 42 ni wati 504. Hiyo ni ya kweli. Ampea 18 ni wati 216, hata kama nje pameandikwa 500. Chukua ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze, inayoonyesha haipotezi umeme mwingi. Ile nyepesi inayokuja bure na kasha iache dukani, kwa sababu ikiungua inaweza kuondoka na ubao na kadi.

Mimi ni mzazi, Mkomani. Mwanangu wa miaka 15 ameona OptiPlex ndogo, kompyuta ya Dell iliyotumika ofisini Ulaya. Anasema atatia kadi ya gemu baadaye. Nimpe pesa?

Mama, ununuzi huu unaweza kuwa mzuri sana au ukawa mtego, na tofauti utaijua ukiwa na rula na dakika kumi.

Kwanza prosesa. Iwe kizazi cha 8 kwenda juu, mfano i5-8500 yenye viini 6. Chini ya hapo Windows 11 haiitambui rasmi, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Si suala la usalama tu: gemu kama Valorant kwenye Windows 11 inakataa kufunguka bila TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele viwili vya usalama vya kompyuta yenyewe.

Pili, pima mwanya wa nyuma ambapo kadi hutokeza. Ukiwa na urefu wa kama sentimita 12, kadi ya kawaida inasimama, ingawa bado upime nafasi ya urefu wake ndani. Ukiwa wa kama sentimita 8, zitaingia kadi fupi tu, nazo ni chache. Na kile kijisanduku kidogo kama kitabu kinene hakina nafasi ya kadi kabisa, hata muuzaji aape.

Tatu ni umeme, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Pawa saplai za mashine hizi ni za wati 180 hadi 260, umbo lake ni la kiwanda chenyewe, na plagi ya kwenye ubao si ile ya kawaida, kwa hiyo huwezi tu kununua kubwa ukabadilisha. Mara nyingi haina hata waya wa kulisha kadi. Basi kadi itakula umeme wa tundu lake kwenye ubao peke yake, na tundu lina mwisho wa wati 75. Inayofaa ni GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, au RTX 3050 ya GB 6 ambayo ni wati 70. Ziko za umbo fupi. RX 6400 ina wati 53 tu na inavutia, lakini inatumia njia 4 pekee za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na ubao, na kwenye ubao wa kizazi cha 8 njia hizo ni za zamani, kwa hiyo inapoteza nguvu waziwazi.

Kama kuna OptiPlex ya umbo la mnara kwa tofauti ndogo ya bei, achukue hiyo. Na kabla ya kulipa, aingie BIOS mbele ya muuzaji. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, iachwe, kwa sababu huenda asiweze kuwasha Secure Boot wala kubadilisha mpangilio wowote.

Niko Shela, Lamu. UPS yangu ya 650VA, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, hushika dakika kumi nikiandika tu, lakini umeme ukikatika nikiwa kwenye gemu inalia mara moja na kila kitu kinazima. Kompyuta ina RTX 3060. Nimeuziwa mbovu?

Huenda si mbovu. VA, kipimo kinachoandikwa kwenye UPS, si wati. UPS ndogo ya 650VA hutoa wati 360 hadi 390 hivi, nyingine hata chini ya hapo. Sasa hesabu mzigo wako kwa wati: kadi 170, prosesa kama 70, ubao, diski na feni 50. Hizo ni 290. Pawa saplai yenyewe inapoteza kidogo, kwa hiyo ukutani inavuta kama 340. Ongeza skrini 25, umefika 365, na kadi ina desturi ya kuvuta umeme mwingi zaidi ghafla kwa sehemu ya sekunde. UPS inaona imezidiwa, inajifunga.

Nunua inayotoa wati 600 au zaidi. Hiyo kwa kawaida ni ya 1000 hadi 1200VA. Soma wati kwenye kibandiko. Kama waweza, chagua yenye wimbi safi la saini (pure sine wave), yaani umeme laini kama wa ukutani, kwa sababu baadhi ya pawa saplai nzuri za kisasa hukataa wimbi la ngazi la UPS za bei nafuu na kuzima hata UPS ikiwa na nguvu ya kutosha. Kwa sasa, punguza fremu za gemu, yaani picha inazochora, ziwe 60 kwa sekunde. Kadi itapumua na mzigo utashuka. Toa printa na pangaboi kwenye UPS. Betri ya 12V 7Ah ina wati-saa 84 tu ikiwa mpya, basi umeme ukikatika hifadhi na uzime, usiendelee na mechi. Kumbuka pia kuwa betri hizi huchoka mapema kwenye joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu hivi.

Lipo jambo moja hukuuliza, lakini tunaliona mara nyingi kwenye nyumba kongwe za mawe. Ukigusa chuma cha kasha ukahisi kama sisimizi wanatembea mkononi, soketi yako haina waya wa ardhi. Hapo hata kilinda-umeme cha bei ghali kinafanya nusu ya kazi, maana hakina pa kumwaga ziada. Mwite fundi wa umeme kabla ya kununua kingine chochote.

Malindi, Maweni: Nina i5-10400, GTX 1650 na RAM GB 8. Nikifungua gemu, muziki na kivinjari pamoja inakwama. Nibadilishe prosesa?

Hapana. Fungua gemu na vyote hivyo, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc utazame wakati inakwama. Kumbukumbu ikiwa juu ya asilimia 90 na diski inakimbia, RAM imejaa na Windows inahamishia mzigo kwenye diski. Ongeza kipande cha pili cha GB 8 cha mwendo ule ule. Usishangae ukiona fremu zimeongezeka pia, maana vipande viwili husomwa kwa pamoja. Diski ikiwa ni ya kuzunguka, hiyo nayo ibadilishe iwe SSD.

Kasha la kompyuta yangu lina mwaka mmoja, skurubu za nyuma zimeshika kutu. Nyumba inatazama bahari. Nifanyeje?

Chumvi ya hewani huingia na vumbi na kukaa juu ya ubao. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi huanza kuyeyuka, na vumbi lililokuwa kavu linageuka utando unaopitisha umeme. Ndiyo maana kompyuta ya pwani mara nyingine hugoma asubuhi na kukubali mchana.

Iondoe mbele ya dirisha, iwe upepo ni wa kusi au kaskazi. Inyanyue kutoka sakafuni. Chagua kasha la wavu mbele lenye vichujio vya vumbi, si la kioo kitupu. Feni mbili ziingize hewa, moja itoe, ili hewa ipenye kupitia vichujio na si kwenye nyufa. Kichujio kioshe kila wiki mbili na kikauke kabisa. Kila mwezi zima, chomoa, upulize vumbi huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Miguu ya dhahabu ya RAM na kadi isafishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Usipake mafuta ya aina yoyote, yanakamata vumbi.

Kuitumia kila siku kunaisaidia, kwa sababu joto lake hufukuza unyevu. Ukisafiri, acha mtu aiwashe saa moja kwa wiki. Na kama ni chumba cha kiyoyozi kilichozimwa madirisha yakafunguliwa, ngoja saa moja kabla ya kuwasha: chuma baridi hutoa jasho.

Nimeagiza kompyuta kutoka Mombasa. Imefika Mokowe kwa basi, ikavuka kwa boti, kutoka gatini ikaja kwa punda. Inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Muuzaji anasema iliondoka nzima.

Muuzaji anaweza kuwa anasema kweli. Kadi nzito ikining'inia kwenye tundu lake safari nzima huchomoka kidogo, milimita mbili zinatosha.

Kwanza hakikisha waya wa skrini uko kwenye kadi. Kisha zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki. Fungua ubavu, gusa chuma cha kasha. Laza kasha, toa skurubu ya kadi, bonyeza kilimi kilicho mwisho wa tundu, ivute, irudishe mpaka kilimi kilie "tak". Rudisha plagi yake ya umeme, hii husahauliwa. Toa RAM zote, tia kipande kimoja tundu la pili, washa. Ikikataa, jaribu kipande cha pili. Ubao ukiwa na vitaa vidogo vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi), tazama kipi kinabaki kimewaka: hicho ndicho kinakwambia pa kushika. Kikibaki cha CPU, usiendelee mwenyewe. Piga picha taa hiyo na kasha lilivyo ndani, umtumie muuzaji siku hiyo hiyo.

Ukiagiza tena, mwambie aitoe kadi na kuifunga kwenye kisanduku chake, kasha lizungushiwe plastiki nene kwa ajili ya maji ya boti, na lisafiri limelazwa ubao ukiwa chini.