Mwanangu, kuhusu ile picha ya Sankara

Ugonile mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara mbili. Umeuliza mbona safari hii umekuja nyumbani ukakuta picha ya Thomas Sankara, yule mwanajeshi aliyekuwa rais wa Burkina Faso, haipo sebuleni, nimemkataa au vipi, halafu ukaongeza kwamba nchi zetu hizi dawa yake ni wanajeshi kama yeye waingie wanyooshe mambo. Kwa simu nikaona hatutaelewana, wacha nikuandikie.

Sijamkataa. Ile picha niliikata kwenye gazeti nikiwa mwalimu mpya huku Rungwe, nikaiwekea fremu pale Mwanjelwa, we umekua unaiona. Yule hakusomea siasa, alisomea bunduki. Walimpeleka chuo cha maafisa Madagaska, na mwaka 1972 akiwa hukohuko akashuhudia wanafunzi na wafanyakazi wameingia barabarani mpaka serikali ya rais wa huko, Tsiranana, ikaanguka, nadhani kijana wa miaka 22 hawezi kuona kitu kama kile akarudi kwao vilevile. 1981 huko kwao wakampa uwaziri wa habari, mwaka uliofuata akajiuzulu. 1983 mwanzoni akawa waziri mkuu, Mei wakamkamata, Agosti 4 rafiki yake Blaise Compaoré akaja na makomandoo kutoka mji wa Pô wakachukua nchi, Sankara akawa rais ana miaka 33. We una 29 sasa hivi, hebu fikiria.

Akauza Mercedes za serikali, mawaziri wakapanda Renault 5, vigari vidogo vya bei rahisi. Watoto milioni 2 na nusu wakachanjwa ndani ya wiki chache tu, surua, homa ya manjano, uti wa mgongo, na mi nimezika wanafunzi wawili wa surua najua hiyo maana yake nini. Ila kilichonishika zaidi ni ile siku ya Septemba 1984 alipotaka wanaume waende sokoni badala ya wake zao wakaone bei ya vitu. Nilimsomea marehemu baba yako, akanyamaza, Jumamosi yake akabeba kikapu mwenyewe akaenda soko la Tukuyu, akarudi na maharage yenye wadudu na ndizi zimeiva mno, lakini alienda mwanangu, na aliendelea kwenda.

Sasa ya picha. Mwaka jana ndo nimekuja kujua kwamba Machi 1984 walimu wa kule waligoma, na serikali yake ikafukuza zaidi ya elfu moja, nafasi zao wakawekwa vijana waliofundishwa harakaharaka. Walimu! Nilikaa na hiyo habari usiku mzima. Unakumbuka ukiwa darasa la pili tulivyohama ghafla? Sikuwahi kukueleza vizuri, nilisimama kwenye kikao nikauliza hela zetu za likizo, wiki haijaisha nimepewa barua ya uhamisho, na kule tulikoenda mshahara ukakaa miezi 3 haujaja. Ulikuwa unakunywa uji hauna sukari na wala hukuuliza, unainama tu unamaliza kikombe. Kila nikiangalia ile picha sebuleni naona kile kikombe cha bati na nawaza hao elfu moja nao walikuwa na watoto.

Kwa hiyo la wanajeshi mi naliona hivi. Alizoea amri, na amri ndo ilichanja watoto kwa wiki chache, na amri hiyohiyo ikafukuza walimu kwa sababu mwanajeshi akigomewa anaona ni uasi. Na hakukuwa na njia ya kumwambia hapa umekosea baba, wala ya kumtoa, isipokuwa ile iliyomweka. Oktoba 15, 1987 wakamuua na wenzake 12 pale Ouagadougou, mji mkuu wao, ana miaka 37 tu, akaingia Blaise, rafiki yake, akakaa miaka 27 mpaka wananchi wenyewe walipomtoa 2014. Mwaka 2022 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha kwa mauaji yale, na hata kizimbani hakuwepo. Siku ile alipouawa nililia, na nilikuwa bado sijajua habari ya walimu, lakini hata leo ningelia.

Picha ipo chumbani kwangu, imeegemea cherehani, natamani kuiona ila sebuleni siwezi tena. Kioo kimepata ufa, ukija Desemba tutaipeleka Mwanjelwa wabadilishe.

Nimekuwekea maparachichi kwenye basi la kesho asubuhi, uyapokee mapema yasilale stendi.

Mama yako