Muulize Bibi Mfamasia: "Mwili wangu umeizoea hii dawa"

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mlezi wa klabu ya afya shuleni. Mwaka jana, katika ile wiki ya Novemba ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, niliandaa mada, nikaonyesha takwimu za vifo na kubandika mabango. Wanafunzi walinisikiliza kwa adabu. Siku tatu baadaye nikamkuta mwenyekiti wa klabu yenyewe akimgawia mwenzake amoksilini zake zilizobaki (antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria), eti huyo mwenzake ana mafua. Nilikata tamaa. Mwaka huu nifanye nini ili waelewe?
— Mlezi aliyechoka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimecheka kidogo, unisamehe. Huyo mwenyekiti hakulidharau somo lako. Alimwona mwenzake anaumwa akamhurumia, na alichokuwa nacho mkononi ni vidonge. Somo lako lilibaki darasani, mafua yakamkuta bwenini saa nne usiku.

Takwimu zipumzishe kwanza. Nazijua: mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Ni namba nzito, lakini kijana wa miaka 16 hana pa kuiweka. Badala yake wape karatasi wamalizie sentensi hii: "Dawa haikunisaidia kwa sababu…" Kisha soma majibu kwa sauti. Nimelifanya zoezi hili mara nyingi, na jibu linalotia fora ni lile lile: mwili wangu umeizoea.

Wala si vijana peke yao. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilihoji watu katika nchi 12, na asilimia 76 waliamini kwamba usugu ni mwili kuizoea dawa. Asilimia 64 waliamini antibayotiki inatibu mafua. Ukiyaweka pamoja hayo mawili, utamwelewa mwenyekiti wako. Kama mwili ndio unaozoea, basi mwenzake ambaye hajameza dawa mwaka mzima ana mwili "mgeni", dawa itamkubali haraka. Hesabu yake ni safi kabisa, ila msingi ndio mbovu. Mabango yetu ya "Tumia dawa kwa usahihi" hayaugusi msingi huo hata kidogo.

Mimi hubeba kopo la vifungo vya shati. Weka ndani vyeupe 30 na vyeusi 2. Waambie hao ni bakteria wanaoishi kooni na tumboni mwa mtu mwenye mafua, na wengi wao hawana ubaya wowote. Vyeusi ni wale wachache ambao dawa haiwadhuru. Mafua yenyewe ni ya virusi, kwa hiyo virusi vikae nje ya kopo. Funga fundo kwenye leso uiweke mezani, hiyo ndiyo virusi. Sasa mwanafunzi mmoja "ameze" antibayotiki: atoe vyeupe 25. Leso iko pale pale, haijaguswa. Kila kifungo kilichobaki kiongezewe mwenzake wa rangi yake: vyeupe 10, vyeusi 4. Dozi ya pili, toa vyeupe 8, kisha ongeza tena. Dozi ya tatu, toa vyeupe 3, ongeza. Kopo sasa lina vyeusi 16 na vyeupe 2.

Hapo uliza swali moja tu: kopo limebadilika nini? Nyamaza, waache wabishane. Kopo ni lile lile, mwanangu. Waliobadilika ni waliomo ndani.

Wale wapenda hesabu waambie E. koli, bakteria wa tumboni, akipata mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, kisha wakokotoe wenyewe: zikipita saa nane, mmoja amekuwa wangapi? (Ni zaidi ya milioni 16. Usiwaambie mapema, utawaharibia utamu.) Halafu chukua uzi mweusi, ukifunge kifungo cheupe kimoja: bakteria wanaweza kupeana jeni za usugu, hata wasiokuwa wa ukoo mmoja. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia, "Bibi, kumbe wanaibiana majibu ya mtihani." Tangu siku hiyo sijapata mfano bora, nami nimeutumia bila kumlipa.

Ukishamaliza vifungo, wasimulie habari ya Alexander Fleming. Aligundua penisilini mwaka 1928, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 hakuishia kushukuru. Katika hotuba yake alisimulia kisa cha kubuni: bwana mmoja anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anatumia kidogo. Dozi hiyo haitoshi kuwaua vijidudu, inatosha kuwafundisha kuishinda dawa. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Angalia aliyekufa ni nani. Kijana ukimwambia atakufa, anatabasamu. Ukimwambia rafiki yake ndiye atakayekosa dawa, anakaa kimya.

Sasa turudi bwenini, kwa sababu huko ndiko kwenye kazi. Niliwahi kuuliza darasa zima nani amewahi kumeza antibayotiki bila kuandikiwa. Hakuna mkono ulioinuka. Nikabadilisha swali: nani ana vidonge vilivyobaki hapa alipo? Binti mmoja akafungua kibegi chake cha kalamu, zikatoka kapsuli sita za rangi mbili, nyingine kwenye kipande cha pakiti kilichokatwa na mkasi, hakina jina wala tarehe. Zilitoka kwa watu watatu. Hakuwa mkaidi, alikuwa ndiye "daktari" wa bweni, anayetegemewa. Watafute hao, kila bweni linaye. Usiwaaibishe mbele ya wenzao. Wafanye wasaidizi wako, kwani wagonjwa tayari wanawaendea. Wafundishe cha kusema usiku ule: "Mafua hayasikii antibayotiki. Kunywa maji, pumzika, na ukishindwa kupumua vizuri au homa isiposhuka nakupeleka zahanati." Waigize mara mbili tatu mpaka maneno yatoke bila aibu. Vidonge vilivyobaki virudishwe kwa mfamasia.

Kuhusu "maliza dozi", nami nililiimba miaka mingi. Siku hizi nasema: fuata idadi ya siku alizokuandikia mtabibu, usizikatishe wala kuziongeza mwenyewe, na dawa ikikusumbua rudi umuulize. Kifua kikuu ni habari nyingine. Matibabu yake ni ya miezi, na hapo sina mzaha na mtu anayeruka siku. Kunawa mikono na chanjo vitaje pia, maana asiyeambukizwa hahitaji dawa, lakini usivifanye hotuba.

SWALI: Bibi, nina miaka 19. Nimetibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara tatu mwaka huu. Mara ya mwisho sikwenda hospitali, nilinunua dawa ile ile ya kwanza. Haijasaidia. Je, nimeshakuwa sugu?
— Binti wa chuo

JIBU: Wewe si sugu, mjukuu wangu, na mwili wako hauna kosa. Huenda bakteria waliopo kwenye njia ya mkojo ndio sugu kwa dawa hiyo, au huenda tatizo si UTI kabisa: baadhi ya magonjwa ya zinaa huchoma vile vile wakati wa kukojoa. Kisonono ni mfano mzuri wa kwa nini hatubahatishi, maana kilikuwa kikitibika kwa penisilini, na baadaye kwa siprofloksasini, na zote mbili zimeshindwa sehemu nyingi. Usinunue ya nne. Nenda hospitali, utaje majina ya dawa zote ulizotumia na lini, na uombe mkojo uoteshwe. Maabara huwakuza bakteria wako na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali, waone ipi inawaua. Majibu huchukua siku mbili tatu. Toa mkojo kabla hujaanza dawa mpya, kwani ukishaanza, kipimo kinaweza kusema hakuna kitu na kitu kipo. Lakini ukipata homa kali, maumivu ya ubavuni au kutapika, usisubiri majibu. Nenda siku hiyo hiyo.