Mtaalamu mbele ya hakimu: maswali yenu na majibu yangu

Tangu tulipoandika juu ya wataalamu wanaoitwa mahakamani, barua zimefuatana: mainjinia, wahasibu, madaktari, hata fundi mmoja wa magari. Mimi ni avoka, yaani wakili, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni kusoma ripoti za watu kama ninyi na kutafuta pa kuzitoboa. Pokeeni basi haya kama maneno ya adui anayewatakia mema.

Maître, niko kwenye ujenzi miaka mingi. Wenzangu wanaitwa na tribinali kukagua nyumba zilizopasuka, mimi sijaitwa hata siku moja. Nianzie wapi? (Injinia, Kampemba)

Ndugu injinia, anza kwa kujua nani anakuchagua. Kwetu Kongo, chini ya sheria ya mwenendo wa kesi za madai ya 1960, anayemteua mtaalamu ni hakimu. Wenye kesi wanaweza kupendekeza jina, lakini uamuzi ni wake. Kwa hiyo anayepaswa kukufahamu si tajiri mwenye nyumba iliyopasuka. Ni rais wa tribinali kuu, karani wake, na maavoka wa pande zote mbili.

Waandikie barua fupi, ambatanisha diploma na orodha ya kazi ulizofanya. Usijiite "mtaalamu wa ujenzi", maana wa hivyo wamejaa mji mzima. Sema unachokijua kuliko jirani yako: nyufa za kuta, misingi iliyowekwa juu ya kichuguu kilichosawazishwa, ubora wa matofali ya kuchoma. Hakimu mwenye kesi ya nyumba ya Ruashi iliyopasuka katikati anatafuta mtu wa nyufa, na atamkumbuka aliyejitaja hivyo.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawauoni. SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake kwenye bima hadi sheria ya 2015 ilipofungua soko, na kuanzia 2019 kampuni nyingine zikapata vibali. Kampuni hizo zinahitaji watu wa kukagua hasara kabla ya kulipa. Kazi zenyewe ni ndogo, lakini zinakufundisha kuandika ripoti ambayo mtu mwenye hasira ataisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na usiache kujenga. Mtaalamu aliyeacha kazi yake ili aishi kwa mahakama tu, mimi namuuliza swali moja: lini mara ya mwisho ulimwaga zege?

Tribinali ya biashara imeniteua kukagua hesabu za washirika wawili waliogombana. Mmoja amenialika kwake mtaa wa Golf, tule na anionyeshe vitabu. Niende? (Mhasibu, Kamalondo)

Usiende, hata kama chakula ni bukari na samaki wa Mweru. Avoka wa upande wa pili hatauliza ulikula nini. Atauliza ulikaa saa ngapi, na nani mwingine alikuwepo.

Kila mkutano uwe na mwaliko wa maandishi kwa pande zote mbili, tarehe moja, mahali pamoja. Asiyekuja, andika kwamba aliitwa na hakuja. Kila karatasi unayopewa iingie kwenye orodha: nani ameitoa, lini, ni nakala au ni yenyewe. Mwenzake apewe nafasi ya kuiona na kuijibu. Ripoti nyingi nilizoziangusha hazikuwa na hesabu mbovu. Mwandishi alisikiliza upande mmoja tu, basi.

Jambo la pili ni la ufundi. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na SYSCOHADA, yaani kanuni zake za uhasibu, iliyorekebishwa ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Ugomvi wenu ukihusu vitabu vya 2016, vipime kwa kanuni za 2016. Nimeona mhasibu mzuri akimhukumu marehemu kwa sheria iliyozaliwa baada ya mazishi yake.

OPJ (ofisa wa polisi mwenye kazi ya upelelezi) aliniletea karatasi usiku nimpime msichana aliyebakwa. Hakuna aliyenilipa. Naweza kukataa safari nyingine? (Daktari, Ruashi)

Hapana, Docta. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1959 inasema mtu yeyote aliyeitwa ipasavyo na OPJ, parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) au hakimu awe mtaalamu, mkalimani au daktari, lazima atoe huduma yake. Kukataa bila sababu kuna adhabu. Tena sheria 06/019 ya 20 Julai 2006 inamtaka hakimu mwenyewe, bila kungoja kuombwa, amwite daktari na mwanasaikolojia kwa mhanga wa ubakaji. Peleka hati yako ya gharama kila mara, hata ukijua inakwenda kulala kwenye droo. Ila usiihesabu kazi hii kwenye mapato yako.

Kilicho muhimu ni maandishi. Usiandike "amebakwa"; hilo ni la hakimu. Andika ulichokiona, mahali gani mwilini, ukubwa gani, na maneno aliyosema yeye mwenyewe yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Kama hukuona jeraha, ongeza kwamba kukosekana kwa jeraha hakuthibitishi kwamba hakuguswa, kwa sababu mtetezi atalivuta hilo upande wake. Kumbuka kesi ya Kavumu, kule Kivu Kusini. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha maisha mbunge wa jimbo na watu wa genge lake kwa ubakaji wa watoto wadogo, na ikaita makosa hayo uhalifu dhidi ya ubinadamu. Faili za madaktari zilikuwa moja ya nguzo za kesi ile. Watoto hawakulazimika kusimama uso kwa uso na washtakiwa.

Avoka ananiambia: tukishinda, tunagawana. Nikubali?

Kataa. Siku utakayolipwa kwa ushindi, hakuna atakayekuamini tena, na watu watakuwa na haki. Dai malipo ya kazi: kusoma faili, kwenda mahali, maabara, kuandika, siku ya kusimama mahakamani. Kila kimoja kiwe na bei yake, na useme ni dola au ni furanga. Ukiteuliwa na tribinali, omba malipo ya awali yawekwe kwa karani kabla hujagusa faili. Hakimu ndiye atakayekadiria hati yako mwishoni, kwa hiyo iwe na maelezo, si jumla moja iliyoandikwa chini ya karatasi.

Mawakili wa London wananitaka kwenye usuluhishi juu ya mgodi wa Kolwezi. Nitakuwa mtu wao? (Mwanajiolojia)

Watakulipa wao, lakini hutakuwa wao. Uingereza mwenye kesi ndiye anayemleta mtaalamu wake, tofauti na kwetu, ila sehemu ya 35 ya kanuni zao za kesi za madai inasema wajibu kwa mahakama unapita wajibu kwa anayelipa. Wasuluhishi nao hutarajia hivyo hivyo. Ukivuka mpaka kwenda Ndola utakuta desturi hiyo hiyo, maana Zambia ilirithi kwa Waingereza.

Mambo mawili kabla ya kutia sahihi. Tangu hukumu ya Jones v Kaney ya 2011, mteja wa Uingereza anaweza kumshtaki mtaalamu wake mwenyewe kwa uzembe, basi uliza habari za bima. Na anza leo kuweka orodha ya kesi na maandishi yako. Mahakama za shirikisho za Marekani zinadai maandishi ya miaka 10 na kesi ulizotoa ushahidi ndani ya miaka 4. Orodha kama hiyo haitungwi usiku mmoja. Wakikuuliza juu ya sheria ya madini ya 2018, jibu kwamba wewe ni mtu wa mawe.

Avoka aliyenileta anataka nifute sentensi moja. (Mhasibu mwingine)

Akikuonyesha tarehe au jumla iliyokosewa, rekebisha na mshukuru. Akitaka maoni yako yabadilike, mwombe aandike ombi hilo na kulitia sahihi. Atanyamaza.

Niweke bango barabarani, "Mtaalamu wa Mahakama"?

Hapana.

Mimi ni fundi wa malori, Katuba, sina diploma. Ajali za barabara ya Kasumbalesa nazielewa kuliko hao wenye karatasi. Hakimu anaweza kuniita? (Fundi)

Anaweza, Mzee. Sheria ya jinai niliyoitaja inasema "mtu yeyote", na kwenye breki za lori mimi mwenyewe ningemsikiliza fundi kabla ya profesa. Lakini jenga faili yako. Piga picha kabla ya kufungua kitu, kila chombo ulichokitoa kifungwe na kibandikwe namba, na mpe risiti aliyekuletea. Ripoti inaingia mahakamani kwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta mwalimu akusaidie lugha. Ila hesabu ya breki asiiguse.