Saa zako nazo ni malighafi: maswali yenu kuhusu kuuza kazi za mikono

Safari hii wameandika wafumaji, washonaji, wasusi na watengeneza sabuni, watu walioanza kazi hizo kwa kujifurahisha mpaka waliowazunguka wakaanza kuwaambia, "Hii mbona ungeuza?" Naanza na swali la bei kwa sababu karibu kila barua ililigusa, hata zile zilizokuja na jambo jingine.

Nafuma kroshia: vitambaa vya meza, mabegi, kofia za watoto wachanga. Bei naipata kwa kuzidisha gharama ya uzi mara mbili. Oda zipo, wateja wanasifia, lakini mwisho wa mwezi sioni kitu mkononi. Nakosea wapi? – Mama Mfumaji

Mama, kwa hesabu hiyo unauza uzi, na mikono yako unaitoa sadaka. Kuzidisha malighafi mara mbili kunaweza kumfaa anayetunga hereni za shanga za bei ghali kwa dakika kumi. Kroshia ni kinyume chake: uzi ni wa kawaida, saa ndizo nyingi.

Tuchukue begi moja na tulifanyie hesabu kwa namba tupu, fedha utaweka ya kwako. Uzi ni 200. Umelifuma kwa saa 5, na kila saa umeipa thamani ya 100, hiyo ni 500. Zipu, bitana, lebo, mfuko wa kufungashia na makato ya kupokea pesa vimekula 60. Jumla ni 760. Hapo begi limerudisha tu kilichotoka kwako, pamoja na ujira wako. Ongeza faida ya asilimia 15, yaani 114, bei inafika 874. Wewe unaliuza 400! Ukitoa uzi na zile 60, umebaki na 140 kwa kazi ya saa 5, ambayo ni 28 kwa saa. Ndiyo maana huoni kitu.

Wengi hukwama kwenye kutenganisha ujira na faida. Ujira ni wa mfumaji. Faida ni ya biashara, na ndiyo itakayonunua sindano mpya, itakayoweka uzi wa akiba na kufidia begi litakalochafuka kabla halijauzwa. Siku utakapotafuta msaidizi, ule ujira ndio utakaomlipa. Bei isiyo na ujira ndani yake haiwezi kumwajiri mtu yeyote, hata wewe mwenyewe.

Saa zipime kwa saa kweli, usikisie. Kwa kazi tano zijazo andika ulipoanza na ulipoacha, na uhesabu pia kuficha ncha za nyuzi, kuosha na kunyoosha umbo, kupiga picha, kufungasha na kujibu wanaouliza "bado ipo?" Wafumaji wengi huhesabu saa za sindano peke yake, na hizo nyingine zinapotea bila kulipwa.

Je, kama soko halitalipa 874? Usikimbilie kujikata ujira. Badilisha bidhaa. Uzi mnene na sindano kubwa hujaza eneo lilelile kwa mishono michache zaidi. Mtindo rahisi unaoujua kwa moyo huenda haraka kuliko ule unaokulazimu kuhesabu kila safu. Kitambaa kikubwa cha meza kikiendelea kukataa kwenye hesabu, kifanye cha oda maalumu tu, na cha kuuza kila siku kiwe kingine. Mteja akikulinganisha na bidhaa za dukani, mweleze ukweli: vitambaa vingi vya kiwandani vinavyofanana na kroshia vimefumwa kwa mashine zinazoiga mwonekano wake, ilhali wako umepita mshono kwa mshono kwenye vidole vya mtu.

Jambo la pembeni, ila lina gharama: uzi wa kazi moja ununue wote kwa wakati mmoja, ukiangalia namba ya mkupuo wa rangi (yaani nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja) kwenye karatasi ya kila donge. Rangi yenye jina lilelile kutoka mkupuo mwingine inaweza kutofautiana, na mteja aliyelipa bei kamili ataliona lile baka.

Ndugu na marafiki wanataka wapunguziwe. Nikikataa naambiwa nimebadilika. – Mshona Mikoba

Amua kiwango kimoja cha punguzo kwa wote wa karibu, na ukitoe kwenye faida, kamwe si kwenye ujira. Kwa mfano wa hapo juu, ndugu anaweza kulipa 760. Chini ya hapo wewe ndiye unayemlipa yeye avae mkoba wako. Ukitaka kumpa bure, mpe, na umwambie wazi kuwa ni zawadi. Kinachochoma roho ni ile nusu bei ambayo yeye anaiona kuwa amenunua na wewe unaiona kuwa umetoa.

Picha zangu hazivutii. Ninunue kamera? – Mtunga Shanga

Hapana. Simu inatosha. Zima taa ya chumba, sogea karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, tandika shuka jeupe au ubao usio na mapambo, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Taa ya chumbani huchanganya rangi, mteja akapokea nyekundu iliyokuwa ya chungwa kwenye picha. Piga moja ya bidhaa nzima, moja ya karibu inayoonyesha kazi yenyewe, na moja ikiwa mkononi au shingoni mwa mtu ili ukubwa wake ujulikane.

Nimetengeneza sabuni na mishumaa mara kadhaa na zimetoka vizuri. Naweza kuanza kuuza? – Mpenda Manukato

Subiri kidogo, na naomba usinichoke kwa urefu wa jibu hili, maana hapa tunazungumzia ngozi za watu na moto ndani ya nyumba zao.

Kwenye sabuni ya kuanzia mwanzo, kostiki soda ndiyo inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, na kila aina ya mafuta ina kiasi chake. Gramu 100 za mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 18 za soda. Gramu 100 za mafuta ya zeituni huhitaji kama 13.5. Mtu akiishiwa mafuta ya nazi, akaweka ya zeituni na kuacha soda ilivyokuwa, sabuni itabaki na soda iliyozidi, na hiyo inaunguza. Kwa hiyo ukibadilisha mafuta, hesabu upya. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, na daima mwaga soda kwenye maji. Maji yakimwagwa juu ya soda, joto hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kurukia usoni. Usitumie chombo cha alumini, kwa kuwa soda hukila. Sabuni isiyopikwa iache ikomae wiki 4 hadi 6 ili maji yapungue na kipande kiwe kigumu; ikiuzwa mapema huyeyuka upesi, na mteja hatarudi.

Mishumaa nayo ina mtego wake, utambi. Utambi mnene kuliko chombo kinavyohitaji hutoa masizi na kukipasha chombo moto kupita kiasi. Mwembamba huchimba shimo katikati, nta ya pembeni ikabaki, au huzama na kuzimika. Ukubwa unaofaa hubadilika ukibadilisha nta, chombo au hata kiasi cha manukato, kwa hiyo kila mchanganyiko ujaribu upya: uwashe kwa saa zisizozidi 4 kwa mara moja, ukiwa upo, mpaka umalizike. Andika kwenye lebo kwamba utambi ukatwe ubaki kama milimita 5 kabla ya kuwashwa, na kwamba mshumaa usiachwe unawaka peke yake.

Kila utengenezaji upe namba na tarehe kwenye daftari, pamoja na viambato vyote. Viambato hivyo viandike pia kwenye lebo ya sabuni, kwani yupo ambaye ngozi yake haipatani na manukato fulani. Na usiseme sabuni yako inatibu upele: nchi nyingi humhesabu mwenye kudai hivyo kuwa muuza dawa, na sheria za dawa ni kali. Mishumaa utakayoichoma kwa majaribio na saa utakazoilinda ni gharama halali, ziingie kwenye bei.

Wanasesere wa wahusika wa katuni ndio wanaoniletea oda nyingi. Nimeambiwa nitashtakiwa. Ni kweli? – Mshona Wanasesere

Inawezekana, ndugu yangu. Wahusika hao wana wenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi zimeufuata, haki ya mtunzi kwa jumla hudumu maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na zipo nchi zinazofika 70. Jina na sura ya mhusika vinaweza pia kulindwa kama alama ya biashara, ambayo husajiliwa upya bila kikomo. Kumfuma kwa mkono wako mwenyewe hakukupi haki ya kumuuza. Kadhalika ruwaza uliyonunua, yaani maelekezo ya kufuata unapofuma au kushona: soma masharti, maana wabunifu wengine huruhusu uuze kilichofumwa, wengine huruhusu matumizi ya nyumbani tu.

Nakushauri umbuni mwanasesere wako. Mteja akimpenda huyo, hana pengine pa kumpata.

Halafu macho. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 usiweke vifungo wala macho ya plastiki. Yadarizi kwa uzi. Vipimo vya usalama vya Marekani na vya Ulaya hutumia bomba lenye upana wa milimita 31.7: kipande kinachozama chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Kabla ya kumpeleka mwanasesere kwa mteja, mvute mikono, masikio na pua kwa nguvu zako zote. Kikichomoka kwako, kitachomoka kwa mtoto.

Mwenye duka anataka vyungu vyangu kwa mali kauli. Nikubali? – Mfinyanzi

Kubali kidogo, kwa maandishi. Mali kauli maana yake mtaji wako umekaa rafuni kwake na pesa yako itaonekana chungu kikiuzwa. Andikeni idadi ya vyungu, bei ya kila kimoja, fungu la mwenye duka kikiuzwa, siku ya kulipana kila mwezi, na nani anabeba hasara kikivunjwa na mteja au kikiibwa. Hilo la mwisho watu huliruka, na kwa vyungu ndilo lenye ugomvi.

Duka likitaka kununua moja kwa moja, litataka bei ya jumla, ambayo mara nyingi huwa nusu ya ile litakayouzia. Rudi kwenye hesabu ya Mama Mfumaji: ujira na faida ni lazima viwemo tayari kwenye bei ya jumla. Asiyeviweka hapo hataweza kuuza kupitia duka lolote. Na wewe mwenyewe usiuze chini ya bei ya duka, utamharibia mwenzako na atakurudishia vyungu.

Nimepata oda ya vikapu 80 kwa wiki tatu. Kikapu kimoja hunichukua saa 4. Naogopa kuikataa. – Msusi

Vikapu 80 kwa saa 4 ni saa 320. Wiki tatu zina siku 21. Ni zaidi ya saa 15 kwa siku, bila siku moja ya kupumzika, na bila kuhesabu kutia rangi na kukausha. Haiwezekani, na ukijaribu utavipeleka vikiwa vimelegea, ukapoteza mteja na jina kwa pamoja.

Lakini usimwambie hapana. Mwambie unachoweza. Ukisuka saa 6 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki tatu ni saa 108, vikapu 27. Mpe 25 kwa tarehe yake na vingine kwa awamu, au mtafute msusi mwenzako ambaye kazi yake umeiona kwa macho na mgawane oda, kila mmoja akilipwa ujira kamili. Vyovyote itakavyokuwa, pokea nusu ya malipo kabla hujanunua ukindu. Mteja wa kweli wa oda kubwa halikatai hilo, na asiyetaka kutoa kianzio amekujibu mapema.

Tangu nianze kuuza, viganja vinauma na kufuma kumeanza kunichosha. Nilikuwa napenda kufuma. – Mfumaji wa Usiku

Pole sana. Tuanze na viganja, kwa sababu hivyo havisubiri. Ganzi au kuchomachoma kwenye vidole, hasa usiku, ni dalili ya kumwona daktari, si ya kusugua mafuta na kuendelea. Kila nusu saa weka kazi chini, nyoosha vidole na viwiko, simama. Sindano yenye mpini mnene hupunguza kubana.

Kuhusu kuchoka, nadhani unafanya kitu kimoja mara nyingi mno kwa sababu ndicho kinachouzwa. Funga oda kila mwezi ukifika idadi unayoijua kuwa unaimudu, na uwaambie wateja tarehe ya kufunguliwa tena. Wanaoitaka kazi yako watasubiri. Pandisha bei ya kile kinachokuchosha zaidi. Oda zake zikipungua umepumzika, zisipopungua umelipwa vizuri zaidi. Na kama una ajira, usiwaze kuiacha sasa hivi, wakati daftari halijaonyesha miezi kadhaa mfululizo ya ujira ulio kamili, maana haraka ya kutafuta kodi ya nyumba kwa sindano ndiyo itakayomaliza hamu iliyobaki.