Usianze na mitihani iliyopita, na usishike kalamu

Mleta mada, usipeleke hata shilingi stationari kuchapisha hiyo mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Umesema umepata mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwamba mama yake anataka apate C ya Hisabati kwenye mtihani wa kidato cha nne mwakani, na kwamba umepanga kukokotoa naye mtihani mmoja uliopita kila wiki. Kisha ukauliza utoze kiasi gani na kama inafaa ununue ubao. Mpango huo ndio niliouanza nao mimi, na mwanafunzi wangu akatoka kwenye mtihani wa utamilifu, yaani moko, na F ile ile aliyokuwa nayo siku mama yake aliponipigia simu mara ya kwanza, isipokuwa sasa alikuwa na daftari zuri sana.

Aliyenishauri hivyo alikuwa mwenye kituo cha tuisheni mtaani kwetu, mtu wa maneno matamu, aliyeuza vitini vya "maswali ya lazima" na kuapa kwamba mtoto hafeli Hisabati kwa kutojua bali kwa kutozoea mtihani. Ningependa kuamini kwamba naye alidanganywa na mwingine, lakini mtu anayeuza kitini kile kile kila mwaka kwa kubadilisha jalada anajua vizuri anachokiuza. Alichokuwa hasemi ni kwamba kinachojirudia katika mtihani ule ni mada, wala si maswali. Kwa muundo wa miaka ya karibuni una maswali 14, yaani 10 ya sehemu A yenye alama 6 kila moja na 4 ya sehemu B yenye alama 10 kila moja, na mwalimu yeyote mzoefu anaweza kukutajia mada zitakazotoka. Ila namba zikibadilika, na alama ya kutoa ikihama upande, aliyekariri njia huishia hapo hapo.

Tulikuwa tukiketi mezani, mimi nikikokotoa na yeye akinakili. Kila nilipomuuliza kama ameelewa alijibu, "Nimeelewa, mwalimu," kwa adabu ya mtoto aliyelelewa asimchoshe mkubwa, nami nikaichukua adabu yake kuwa ushahidi kwamba ninafundisha vizuri. Tulimaliza milinganyo ya kipeo cha pili kwa kanuni, na aliweza kuiandika kanuni yenyewe bila kutazama popote, jambo lililonifanya nijione bingwa. Baada ya moko niliomba kuiona karatasi yake. Kulikuwa na mlinganyo 2x² − 5x − 3 = 0; kanuni ameiandika sawasawa, herufi amezibadilisha kwa namba zake sawasawa, kisha akaandika kwamba −5 kwa kipeo cha pili ni −25, akajumlisha 24, akapata −1 chini ya alama ya kipeuo, akahitimisha kwamba mlinganyo hauna jibu. Ilipaswa iwe 25 na 24, jumla 49, kipeuo chake 7, na majibu 3 na −1/2.

Kosa hilo nilikuwa nimeliona mara nyingi kabla ya hapo. Nililiita uzembe na kumpa maswali mengine ya aina ile ile, ambayo aliyakosa kwa namna ile ile, kwa uaminifu mkubwa. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa anaamini kwamba namba hasi ikizidishwa kwa yenyewe hubaki hasi, na hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa kuwa wakati wote kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilipomkabidhi kalamu yalitoka mengine. Aliniambia 10 − 4 + 3 ni 3, kwa sababu katika MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kujumlisha kunatajwa kabla ya kutoa, na shule ya msingi hakuambiwa kwamba hizo mbili ni za ngazi moja na hufanywa kuanzia kushoto. Nusu ukijumlisha na theluthi alipata 2/5, yaani kiasi na kiasi, asili na asili. Kwa miezi yote ile mama wa watu alinilipa nimfundishe matriki mtoto wa namna hiyo.

Kwa hiyo kikao cha kwanza usishike kalamu. Mpe maswali mafupi ya chini kabisa, mwambie akokotoe huku akisema kwa sauti anachofanya, nawe unyamaze, hata kama unyamavu huo utakuuma. Mpe −3 − 5, mpe 0.3 × 0.2, mpe −2(x − 4) afungue mabano. Wengi watakupa 8 katika la kwanza, kwa kuwa wamebeba sheria ya kuzidisha hasi kwa hasi wakaihamishia kwenye kutoa. Katika la pili watakupa 0.6, na katika la tatu −2x − 8. Hata akipata, muulize kwa nini, kwa sababu jibu sahihi nalo hukaririwa. Mama atalalamika kwamba analipa mtu ili amkodolee macho mwanawe akifanya hesabu za darasa la sita. Mwonyeshe ukurasa huo mmoja, naye atatulia haraka kuliko mimi nilivyotulia. C anayoitaka huanzia alama 45, na sehemu kubwa ya alama hizo hupotelea kwenye ishara na hesabu za sehemu, hata pale mwanafunzi anapoijua mada.

Mitihani iliyopita itafika zamu yake, ila uikate swali kwa swali kwa kufuata mada aliyokwisha kuimudu, na yeye ndiye aandike. Ubao usinunue, maana ukiwa nao utaandika wewe. Na siku hiyo ya kwanza, akikuambia −3 − 5 ni 8, usimsahihishe papo hapo; liandike pembeni, endelea na mengine, kisha baada ya dakika chache mpe −3 − 6 uone kama atakuambia 9.