Simu kwenye spika mbele za watu: maswali yenu

Nikiwa kwenye basi simu ya sikioni siisikii, ndiyo maana naweka spika. Wenzangu wananuna. Nifanyeje?

Kagua simu kwanza kabla ya kulaumu masikio. Sauti ya sikioni ina kiwango chake, mbali na kile cha spika, na hupandishwa mkiwa mnaongea. Wengi hubonyeza kitufe cha pembeni kabla ya kupiga, wakapandisha mlio tu, kisha wakadhani simu ni mbovu.

Halafu tazama ule mfereji mwembamba juu ya kioo. Vumbi na mafuta ya ngozi hujaa humo kidogo kidogo mpaka sauti inakuwa kama inatoka chini ya blanketi. Inamisha simu kioo kikitazama chini, sugua taratibu kwa mswaki mpya, laini na mkavu, uchafu udondoke. Usichokonoe kwa sindano, maana utatoboa wavu. Wala usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi inapeleka unyevu ndani. Kama protekta imebandikwa ikaziba mfereji huo hata kwa milimita moja, ibandue. Mwisho, sogeza simu juu au chini kidogo hadi mfereji ukae sawa na tundu la sikio.

Spika kwenye basi haikusaidii kama unavyodhani. Simu inakaa mbali na mdomo, maiki inazoa mngurumo wa injini pamoja na sauti yako. Tena simu inalazimika kuzuia sauti ya spika isirudi kwenye maiki kama mwangwi, kwa hiyo mkisema kwa pamoja maneno hukatika. Ndipo mnapoanza kupigiana kelele. Vipokea sauti vya waya vyenye maiki vinamaliza tatizo hilo. Vaa kimoja tu, na maiki isigusane na kola.

Nimesoma kwamba kusikia upande mmoja wa maongezi kunasumbua kuliko kusikia pande zote mbili. Je, spika si nafuu kwa jirani?

Utafiti huo upo; ulichapishwa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Waliosikia nusu ya maongezi walifanya vibaya zaidi kazi za kutumia umakini, kwa kuwa akili haiwezi kubashiri neno linalofuata. Lakini hilo ni suala la umakini wa msikilizaji. Halimpi mtu ruhusa ya kumwaga maneno ya mwenzake hadharani. Isitoshe, spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito. Inatoa ile nyembamba, kali, ambayo sikio huinasa upesi hata viti vitatu mbele.

Nafuu ya jirani ni wewe kushusha sauti. Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kujijua. Sikio moja likiwa wazi, unajisikia na kujirekebisha.

Aliyenipigia ameanza kueleza majibu yake ya hospitali, kumbe yuko kwenye spika.

Mkatize hapo hapo, hata kama ni mkubwa wako. Kosa ni kuanza kutafuta kitufe huku yeye anaendelea. Sema kwanza: “Samahani, subiri kidogo, uko kwenye spika na nipo na watu.” Kisha itoe. Mikono ikiwa na kazi, mwambie utampigia baada ya dakika kumi, na umpigie kweli.

Hili ndilo tungependa mlishike kuliko yote: anayesikika ndiye wa kutoa ruhusa. Aambiwe hata kama mpo wawili tu chumbani. Namba za siri na za akaunti zisitajwe kwenye spika kabisa.

Simu nyingine huingia spika zenyewe. Simu za video huanza hivyo. Kwenye iPhone, mipangilio ya ufikivu (Accessibility) ina sehemu ya kuchagua simu zisikike wapi. Irudishe kwenye otomatiki.

Nimwambieje anayeongea kwa spika kwenye chumba cha kusubiri?

Msogelee, umwambie kwa sauti ya chini: “Samahani ndugu yangu, mwenzako tunamsikia hadi kule.” Wengi hawajui kuwa sauti inafika mbali, nao huzima spika mara moja. Usimkemee mbele ya watu. Na kumbuka, anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia, huenda kifaa hicho hupiga mluzi akigusisha simu sikioni; mwenye ulemavu wa mikono naye huenda hana njia nyingine.

Na ujumbe wa sauti?

Kwenye WhatsApp, ucheze kisha peleka simu sikioni. Sauti inahama yenyewe kutoka spika. Isipohama, na kioo kisipozimika, futa sehemu ya juu ya kioo: kihisi cha ukaribu, kinachotambua kuwa simu iko sikioni, kiko hapo, na protekta chafu hukiziba.